Namna ya Kukusanya Vigari vya Zamani vya Wahusika wa Katuni Ukiwa Mombasa

Ukiokota kigari cha chuma kwenye fungu la vidude vya watoto pale soko la Kongowea, usianze na magurudumu wala rangi. Tazama kitini kwanza: dereva yupo?

Mimi ni fundi wa saa, kibanda changu kiko Mwembe Tayari, na kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikikusanya vigari vya zamani vilivyotengenezwa kwa sura za wahusika wa katuni za televisheni. Katika miaka hiyo nimejifunza jambo moja lililobadili ununuzi wangu wote. Anayekusanya vigari vya kawaida hununua gari, lakini sisi wa katuni tunanunua mhusika. Bodi ni ya madini, itadumu kuliko mimi na wewe. Mhusika ni kipande cha plastiki cha ukubwa wa kunde, na ndiye anayepotea, anayevunjika shingo, anayepauka kwa jua. Hatua zote zilizo hapa chini zinamhusu yeye.

Hatua ya kwanza: vijue vigari vyenyewe

Vigari hivi ni vya kusubu. Zinki iliyochanganywa na alumini kidogo huyeyushwa kwenye joto lisilofika nyuzi 400, kisha husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Ndiyo maana mistari ya milango na taa huwa imekaa sawasawa, na kigari kikiwa mkononi hukisikia uzito wake.

Majina matatu ya Uingereza yatakutosha kuanzia. Dinky lilikuwa la kampuni ya Meccano, iliyokuwa na kiwanda Binns Road, Liverpool. Corgi lilikuwa la kampuni ya Mettoy, likaanza 1956 huko Swansea, Wales. Matchbox lilikuwa la Lesney ya London, na vigari vyake ni vidogo vya kufumbatika kiganjani, ilhali Corgi na Dinky kwa kawaida ni vikubwa zaidi. Kiwanda cha Binns Road kilifungwa 1979, Lesney ikafilisika 1982, Mettoy ikaanguka 1983. Ukizipanga tarehe hizo kando ya vigari vya katuni utaona kwamba vingi vilitoka katika miaka kumi na mitano ya mwisho ya kampuni hizo, wakati watoto walipokuwa wameshahamia mbele ya televisheni na viwanda vikawa vinawafuata huko huko.

Sasa wahusika. Mwaka 1969 Corgi walitoa gari la Popeye, namba 802, na kwangu mimi hilo ndilo bora kuliko yote. Ni nusu gari nusu meli: bodi ya manjano na nyeupe, chasisi nyekundu, mabomba ya moshi juu, na nyuma kuna mashua ndogo ya buluu aliyolazwa mtoto Swee' Pea. Popeye yumo, Olive Oyl yumo, Bluto na Wimpy pia. Watu watano ndani ya kigari kimoja! Hesabu mwenyewe nafasi za kupoteza kitu. Mwaka 1972 Dinky walitoa gari la Pink Panther, namba 354, la waridi, refu kama mtumbwi, lenye gurudumu zito tumboni. Ulikuwa ukipitisha ufito wa plastiki wenye meno, ukiuvuta kwa nguvu gurudumu linazunguka, na gari linaondoka lenyewe. Mwaka 1979 Matchbox wakaleta mfululizo wa Disney: Mickey Mouse na gari la zimamoto, Donald Duck na gari la ufukweni, Goofy na gari lake la aina ya Beetle. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakafuata Popeye, Bluto na Olive Oyl, kila mmoja na chombo chake. Corgi nao wakatoa vidogo vya Tom na Jerry, na 1982 vya familia ya Flintstone.

Usishangae ukikuta mhusika usiyemkumbuka. Kituo cha televisheni cha Mombasa kilifunguliwa 1970, na vingi vya vigari hivi viliingia mjini bila kungoja kipindi chake kionyeshwe, ndani ya masanduku ya mabaharia na ya familia zilizokuwa na ndugu Uingereza.

Hatua ya pili: chagua mkondo mmoja

Chagua mhusika mmoja, au kampuni moja, au miaka mitano fulani. Mimi nina Popeye na jamaa zake, basi. Pesa zako hazitoshi kwa vyote, na kabati pia halitoshi.

Hatua ya tatu: jua pa kutafuta

Kongowea nenda asubuhi, siku marobota ya mitumba yanapofunguliwa. Vidude vya watoto huja vimechanganywa, vinamwagwa kwenye turubai, na vya madini huzama chini kwa uzito wake. Kwa hiyo usichague juu juu. Omba ruhusa, kunja mikono ya shati, ingiza mkono hadi kwenye turubai na upapase. Vidole vitakwambia kabla ya macho: plastiki ni vuguvugu, zinki ni baridi.

Njia ya pili ni bora lakini haitaki haraka, nayo ni nyumba za watu. Mji wa Kale, Ganjoni, Tudor, kuna makabati ambayo hayajafunguliwa vizuri tangu watoto wa nyumba waoe. Hapa usiingie na maneno ya biashara. Mwaka jana nilimtengenezea bibi mmoja wa Kuze saa ya ukutani, nikamuuliza kama wanawe walikuwa na vigari vya kuchezea.

"Vipo kwenye mkebe wa biskuti," akasema. "Wataka kuvifanyani, mwanangu?"

"Nitavisafisha, bibi, nivitunze. Na nitakulipa."

"Usinilipe. Kimoja niachie, kile cha bata, alikuwa akikipenda marehemu."

Donald Duck nikamwachia, nikakisafisha vizuri, nikamrudishia juu ya kabati lake la vyombo. Katika mkebe ule nilipata gari la Popeye la Matchbox liitwalo Spinach Wagon, dereva akiwa mzima. Bibi alikataa pesa, nikamtia betri mpya saa zote za nyumba.

Njia ya tatu ni kuagiza mtandaoni kutoka nje. Omba picha nne kabla ya kulipa: ya mbele, ya upande, ya chini kwenye maandishi, na ya juu kabisa inayoonyesha kiti. Muuzaji asiyetaka kupiga picha ya kiti ana sababu. Niliwahi kuamini neno "kamili" bila picha hiyo, kigari kikanifikia na mashua ya Swee' Pea ikiwa tupu. Na kabla hujakubali bei, ongeza mizigo na ushuru, kwa sababu kigari cha bei nafuu huweza kufika Kilindini kikiwa kimegharimu mara mbili.

Hatua ya nne: kikague hapo hapo ulipo

Beba vitu vitatu mfukoni: kioo cha kukuza, tochi ndogo na sumaku. Sumaku haishiki zinki. Ikinata kwenye bodi, unachoshika ni bati au chuma kingine, si kigari cha kusubu. Ekseli ni za chuma cha kawaida, kwa hiyo hapo itanata, na hilo lisikutie wasiwasi.

Geuza, soma chini. Dinky zimeandikwa Meccano na Made in England, Corgi za wakati ule Made in Gt Britain, Matchbox za zamani zina jina la Lesney. Ukisoma Macau kwenye Matchbox, hiyo ni ya baada ya Lesney kufilisika. Mwaka ulioandikwa chini, hasa ule ulio karibu na jina la wenye katuni, ni mwaka wa haki za mhusika au wa kalibu. Kigari chenyewe huenda kilitoka miaka mingi baadaye. Wanaoanza wengi hulipa zaidi kwa ajili ya mwaka huo.

Kisha rudi kwa mhusika. Washa tochi, mulika shingo yake. Shingo ndiyo sehemu nyembamba, na ufa wa hapo ni kama unywele. Tazama rangi ya uso: rangi ya kiwandani imekaa nyembamba na macho yake yana nukta safi. Ya kuongezewa nyumbani huwa nene na hung'aa. Tazama anavyokaa, maana visanamu vipya vya kurekebishia vinatengenezwa na kuuzwa waziwazi, na si kosa kuvinunua, mradi bei iwe ya kirekebishio. Cha asili huwa kimezeeka pamoja na gari lake: vumbi la kwenye mikunjo ya nguo zake ni lile lile la kwenye kiti.

Nikupe mfano wa kwa nini nasisitiza hivi. Mwaka 1971 Corgi walitoa gari la Dougal, yule mbwa wa kipindi cha vikaragosi kilichoanzia Ufaransa 1964. Hawakutengeneza bodi mpya. Walichukua kalibu ya gari la Citroën waliyokuwa nayo tayari, wakaipaka manjano, wakabandika maua, wakawaweka Dougal na wenzake ndani. Ondoa wahusika, yabandue maua, na hapo una Citroën tu ya manjano yenye rangi iliyochubuka.

Kuna kisanamu kimoja ambacho siwezi kukwambia ukitafute. Toleo la kwanza la gari la Corgi la Noddy, yule mhusika wa hadithi za watoto za Kiingereza, la 1969, lilimpakia Golliwog mwenye uso mweusi na midomo minene, sanamu ya dhihaka kwa watu kama sisi. Baadaye aliondolewa, na nafasi yake akapewa dubu. Soko hulilipia zaidi lile la kwanza. Mimi nililishika mara moja, nikalirudisha kwenye turubai, na sijajuta.

Mwisho wa ukaguzi, tafuta nyufa za madini yenyewe. Zinki iliyoingiwa na madini ya risasi wakati wa kuyeyushwa huoza kutoka ndani: bodi inavimba, inapinda, inapasuka mistari kama tope lililokauka, na siku moja inamomonyoka mkononi. Haina dawa. Huonekana zaidi kwenye vigari vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na vya katuni ni vya baadaye sana, lakini joto na unyevu huuharakisha ugonjwa huo, na mji wetu umejaliwa vyote viwili. Ukiona bodi imejipinda bila alama ya kugongwa, iache. Kwa faraja, hauambukizi vigari vingine.

Hatua ya tano: bei

Usiseme unakusanya. Taja kasoro unayoiona kweli, kwa sauti ya kawaida.

"Mama, hiki kidude ngapi?"

"Mia tatu, baba. Chuma hicho!"

"Chuma nakiona, ila dereva hayupo. Nipe kwa mia."

"Ongeza hamsini uchukue."

Kisicho na mhusika nanunua kwa bei ya vipuri tu, kwa sababu siku moja nitapata mhusika asiye na gari. Kikiwa na boksi lake la asili lipa zaidi, maana boksi peke yake laweza kufikia bei ya kigari kisicho na boksi. Lakini lichunguze kwanza: maboksi ya kuigiza ni mengi, na kadibodi mpya haina harufu ya uzee wala mikunjo iliyolegea.

Hatua ya sita: kuosha

Maji vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto. Sehemu yenye stika za karatasi usiitie maji kabisa. Pitishia pamba iliyokamuliwa. Siki na ndimu, tunazosafishia shaba nyumbani, viweke mbali, kwani zinki huliwa na tindikali. Jiki nayo usiiguse: sehemu zile za plastiki zinazong'aa kama fedha zimepakwa utando mwembamba mno, na jiki huuondoa kwa dakika chache.

Suuza, pangusa, kisha kiweke kivulini mbele ya feni kwa saa kadhaa kikiwa kimepinduliwa. Jua la saa saba la Mombasa litakikausha upesi, ila litampausha mhusika na kukunja plastiki.

Na jambo la watoto. Rangi za vigari vya zamani huweza kuwa na risasi. Nawa mikono ukimaliza, na mdogo wa nyumbani anayetia kila kitu kinywani mpe kigari kipya cha dukani.

Hatua ya saba: marekebisho, na mahali pa kuishia

Hapa ufundi wangu wa saa umenisaidia, lakini hakuna usichoweza kukifanya kwa vifaa vya nyumbani.

Ekseli iliyoshika kutu: chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye mafuta ya cherehani, gusa pale ekseli inapoingia, acha usiku kucha. Asubuhi zungusha gurudumu taratibu, futa uchafu wa kahawia kwa pamba. Tone moja linatosha. Mafuta yakifika kwenye tairi yataliharibu.

Mhusika aliyevunjika shingo: usitumie gundi ile ya kukamata mara moja. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki, na ukimkosea kukaa hutambandua tena bila kumvunja. Tumia gundi nyeupe ya mbao kwa ncha ya sindano, mshikilie kwa uzi kwa siku nzima. Ukikosea, maji vuguvugu yatailegeza na utaanza upya. Shingo iliyounganishwa hivyo haitastahimili kuchezewa, lakini kabatini itakaa miaka.

Kiti kitupu: ukimweka mhusika wa kurekebishia, mwekee alama ndogo chini yake kwa kalamu, ili atakayekinunua au kukirithi ajue. Mimi naona hili ni deni, na nimegombana na wakusanyaji wenzangu wawili kwa ajili yake.

Kupaka bodi rangi upya, hapana. Rangi iliyochubuka kando ya milango ni alama ya kidole cha mtoto fulani wa mwaka 1973, na ukishaifunika haitarudi. Wala usitoboe ribiti za chini ili ufungue kigari, isipokuwa mhusika ameanguka ndani na unamsikia akigongagonga. Hilo lilinipata mara moja, nikatoboa. Alikuwa Bluto.

Hatua ya nane: kuhifadhi dhidi ya hewa yetu

Miongozo mingi ya kigeni inakwambia uweke vigari kwenye rafu safi, mbali na jua. Imeandikwa na watu wasioishi hatua mia kutoka bahari ya chumvi. Hapa zinki iliyo wazi, pale rangi ilipochubuka, huota unga mweupe katika msimu mmoja wa mvua. Kusi ikianza kuvuma Aprili na masika yakishuka, ndipo kazi ya kweli inapoanza.

Kabati liwe la kioo au chuma, lenye mlango unaofunga vizuri. Mbao mbichi na mbao zilizoshindiliwa kwa gundi hutoa mvuke wenye tindikali, na ndani ya kabati lililofungwa mvuke huo huishia kwenye zinki yako. Ukiwa kwenye nyumba ya mawe ya Mji wa Kale usiliegemeze kwenye ukuta wa nje: mawe ya matumbawe hunywa unyevu na chumvi, na utaona chokaa inavyobanduka. Liache nafasi ya kiganja, au lihamishie ukuta wa ndani.

Kisha omba kwa wauza viatu vile vipakiti vidogo vyenye chembe nyeupe vinavyokuja ndani ya maboksi. Mimi nina rafiki Biashara Street ananiwekea. Tia vipakiti kumi kwa kila rafu. Vikishiba unyevu, fungua, mimina chembe kwenye sufuria kuukuu isiyopikiwa chakula, ziweke juu ya moto mdogo ukizikoroga kwa muda wa saa moja au mbili, zikipoa zifunge kwenye kitambaa cha pamba na uzirudishe. Za rangi ya buluu usizitumie, zina kemikali ya kobalti isiyofaa kupashwa jikoni. Nunua kipima unyevu kidogo, ukiweke ndani. Nje ya kabati huwa kinapita asilimia 70 siku nyingi, ndani nataka kisizidi 50.

Na mhusika? Adui yake ni tairi. Tairi laini za plastiki hutoa mafuta polepole, na pale zinapoigusa plastiki ngumu kwa miaka huiyeyusha na kuacha kovu. Kwa hiyo usirundike vigari, tairi la kimoja likawa usoni mwa kingine, wala usivifunge kwenye mifuko laini ya nailoni inayonata. Kila kimoja kifungie karatasi nyeupe isiyo na wino, au kisimamishe peke yake. Gazeti usilitumie.

Hatua ya tisa: daftari

Andika siku, mahali, bei, maandishi ya chini, na hali ya mhusika. Nimetumia daftari la shule la kurasa 96, na mstari ninaourudia zaidi ni wa ile Popeye namba 802 iliyonifikia kwa posta: Popeye mzima, Olive Oyl mzima, Bluto mzima, Wimpy amepauka kidogo, mashua tupu. Swee' Pea wa kurekebishia ningempata kwa bei ya sahani ya pilau. Bado naenda Kongowea kila Jumamosi, naingiza mkono chini ya fungu, napapasa kitu cha ukubwa wa kunde.